Lebo ya Shingoni

Mama alinifundisha pale Memorial, belo likishakatwa kamba:
usinyooshe mkono kwa sababu ya rangi.
Pindua. Tazama mshono kwa ndani,
nusa kwapa, soma lebo ya shingoni.
Nguo usiyoijua ilikotoka
itakuchanikia kanisani.

Sikujua kwamba alikuwa akinisomesha ualimu.

Saa nne usiku, Pasua. Majirani wamezima redio.
Mtaala mpya umefika, vitabu vyake vingali njiani,
na kesho, kipindi cha tatu, kidato cha pili B
wananingoja niwape Moshi ya kabla ya reli.
Nimenunua bando la usiku la shilingi elfu moja,
nimekalia ndoo iliyopinduliwa, karibu na dirisha la choo,
maana ni hapo tu mtandao unaposimama.

Naandika: reli, Moshi, zamani.
Belo linafunguka.
Hoteli ya watalii yenye bwawa.
Bwana anayepiga kelele mbele ya ramani,
ana hakika na kila kitu, hasemi alikosoma.
Maswali na majibu ya mitihani, hoja sita kwa kila swali,
yamenakiliwa hata kosa la tahajia
limerithiwa tovuti kwa tovuti, kama pua ya ukoo.
Nayarudisha kwenye lundo.

Saa sita kasoro mkono unagusa gredi ya kwanza:
ramani ya mifongo, imechorwa kwa kalamu ya wino,
kila mfereji na ukoo unaoulinda.
Tasnifu ya mtu wa Machame kuhusu bei ya kahawa,
kurasa mia tatu, bure,
na kwenye shukrani anamtaja shangazi yake
aliyemwazima taa.
Mimi namwamini mtu anayemtaja shangazi.

Halafu picha.
Imetoka makumbusho ya nchi ya baridi.
Wanaume watano, mataruma ya reli mabegani,
nyuma yao mlima umevua wingu,
theluji imeteremka hadi pale
ambapo sisi tumezoea mawe.
Chini imeandikwa: Wapagazi, Moshi, 1911.
Mpiga picha ana jina, ana cheo, ana mwaka wa kuzaliwa.
Wapagazi ni wapagazi.
Na kifuani mwa yule wa tatu, bega hadi bega,
kwa herufi za kijivu, jina la makumbusho.
Ukiitaka safi, euro arobaini.

Nikapiga hesabu: kodi ya chumba hiki, miezi miwili.
Babu wa mtu, amechukuliwa akiwa mpya,
anarudi kwetu mtumba,
na lebo si ya aliyemshona.

Nikaipakua hivyo hivyo.
Ilipofika themanini na saba kwa mia nikabana pumzi.

Asubuhi, kwa Kimambo wa fotokopi:
nakala kumi na mbili, bei ya rangi
kwa picha isiyo na rangi. Sikubishana, kengele ilikuwa karibu.

Wanne wanne kwa nakala moja.
Nikaanza: sababu ya kwanza ya ujenzi wa reli...
Anaufoo, ambaye tangu Januari hajanyoosha kidole,
akanyoosha.
“Madamu, haya maandishi ya kifuani,
walimwandika siku ile, au baadaye?”

Nikapapasa kwenye zile hoja sita. Halimo.
Nikasema, baadaye.
Nikafika mlangoni, nikarudi.
Nikasema, na siku ile pia.

Kisha nikafuta ubao, sababu ya kwanza na tarehe yake,
nikawaambia: pindueni.
Nani alishona? Alimshonea nani?
Nani alikuwepo na hakuandikwa?
Wakainama, vichwa vinne vinne, wakibishana
kwa Kiswahili na Kichagga na kwa viwiko.

Anaufoo peke yake hakuandika.
Alikuwa na kifutio, anasugua kifua cha yule wa tatu,
polepole, kama mtu anayetoa doa,
na karatasi ilikuwa imeanza kutoboka.