Nyeupe Iliyobaki

Fundi alitaja bei, kisha akataja na ya soda.
Akaugonga ukuta wetu kwa konzi, akatega sikio
kama daktari kifuani pa mzee,
akasema: huu una fangasi, mama, huu ni wa kukwangua.
Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka getini.
Nikarudi nikawaambia wanangu: vaeni nguo mbovu.

Ndivyo ilivyoanza Jumamosi yetu ya Pasua:
makochi yamebanana uani kama wageni waliowahi,
televisheni imejifunika khanga,
na baba yao juu ya stuli, kikwanguo mkononi,
akilaani kwa Kichaga, polepole,
ili Kunda asijifunze.

Chini ya rangi kulikuwa na rangi.
Chini ya bluu ya wapangaji waliotutangulia, kijani cha ofisini;
chini ya kijani, chokaa; na juu ya chokaa
namba ya simu ya tarakimu tano,
imeandikwa kwa penseli na mtu mwenye haraka.
Eliamini akataka tuipigie.
Nikamwambia simu hiyo haina tena pa kulia.
Akasema: labda bado wanangoja.
Tukapitisha msasa kuizunguka. Sijui kwa nini.

Dukani Mbuyuni, kwenye kadi, rangi iliitwa maziwa.
Ukutani ikatoka uji wa ulezi.
"Ikikauka itatulia," alisema muuzaji kwenye simu,
maneno yale yale niliyoambiwa kuhusu ndoa.

Nani alijua rola ina tabia?
Ukiishibisha inakutemea, ukiinyima inakwaruza.
Aikaruwa, miaka tisa, aliielewa kabla yangu:
"Usiikandamize, mama. Iache ijiendee."
Kunda tulimpa brashi na kikopo cha maji
apake ukuta wa nje, wa matofali,
akapaka saa nzima, kwa bidii kuliko sisi wote,
na kila alipomaliza jua lilikuwa limeshamfutia,
na kila lilipomfutia alianza upya bila kununa.
Nilimtazama dirishani.
Nikafikiria vyombo, nikafikiria sare za shule,
nikafikiria kazi zangu zote.

Halafu mlango. Kwenye fremu, zile alama za vimo:
Pasaka, Krismasi, Pasaka, ile wiki ya surua.
Brashi ya baba yao ilikuwa imeshachovywa.
Hakusema kitu. Alilamba kidole, akafuta tone moja
lililotaka kuuangukia mwaka wa pili wa Eliamini,
akauacha ubao ule na uchafu wake,
mrefu, mwembamba,
kama mtu aliyekataa kupigwa picha.

Saa kumi na moja, katikati ya ukuta wa jikoni, uji ukaisha.
Ikabaki nyeupe ya dari, robo ndoo, na dari imeshiba.
Nikaenda kuwasha mkaa. Niliporudi,
pale rangi ilipokomea
Aikaruwa alikuwa ameanza mlima.
Si ule wa kalenda. Ule wa kwetu, wa asubuhi,
nyaya za umeme zimeukata kifuani,
tangi la maji la jirani limeukalia begani.
Na theluji. Theluji mpaka kiunoni,
theluji inateremka Kibosho, inaingia migombani,
inafika karibu na swichi ya taa.

"Mbona nyeupe yote hiyo, Aika?
Siku hizi mlima una kofia tu, tena kama ya kuazima."

Akageuka, rangi mpaka kwenye nyusi.
"Imebaki, mama. Nikaona niurudishie."

Jumatatu mwalimu wa Eliamini aliandika daftarini:
mtoto ana rangi masikioni.
Nikasaini chini yake, ukucha wangu wa ulezi.
Ukuta wa jikoni bado nusu.
Fundi amepiga simu mara mbili.