Walinilipa kwa Herufi

Walinilipa kwa herufi, franka mia tano kila moja,
nukta bure.
Komini ilileta karatasi ndefu: alizaliwa, akaimba,
akafanya kazi ya reli, akasifiwa Kipushi hadi Likasi,
akafariki gitaa likiwa begani.
Karani akahesabu, akajikuna shingo,
akaanza kukata kwa biki nyekundu.
Reli ikatoka. Likasi ikatoka.
Gitaa likabaki, kisha nalo likatoka,
kwa sababu, alisema, hilo kila mtu analijua.

Yakabaki haya:
HAPA ALIIMBA
ANACLET MULIMBI
na tarehe mbili, ya kwanza ya kubuni,
maana mjane wake, Mama Honorine,
alipoulizwa mumewe alizaliwa lini
alijibu: mwaka ule behewa la chumvi lilipopinduka,
mtaa mzima ukala chumvi ya bure hadi Pasaka.
Karani hakuona pa kuandika chumvi.

Nilichonga katika bamba la shaba,
mukuba wetu wenyewe, mwekundu
kama udongo wa Katuba mvua ikishapita.
Mkono haukunitetemeka, ila kwenye jina,
kwa kuwa mwenye jina nilimjua.
Nilikuwa mtoto, nimekaa juu ya kreti tupu,
sikumbuki mbele ya ukuta gani,
naye akipiga kwa vidole tisa;
cha pete, mkono wa kushoto, kilibaki kwenye behewa,
na wimbo ulichechemea pale pale kilipokosekana.
Tukadhani ndivyo muziki unavyotembea.
Hata leo nikisikia gitaa lenye vidole vyote
naona kama mtu anayesema kupita kiasi.

Siku ya kuzindua, bugumesta alisoma hotuba
iliyokuwa ndefu kuliko ukuta wa baa ya Tshibola.
Kitambaa kilinasa kwenye skrubu,
mtoto mmoja akapandishwa mabegani kukinasua.
Mama Honorine akapitisha mkono juu ya herufi,
polepole, kama anayechambua mchele,
akaniambia kwa sauti ya chini, ya kunisitiri:
"Umeandika vizuri, baba. Lakini hakuimba hapa.
Hapa alikuwa anadaiwa.
Aliimba kule ng'ambo, penye duka la baiskeli,
kwa sababu Tshibola alimfukuza."

Wiki tatu.
Kisha ukuta ukawa na matundu manne.
Hakuna aliyeshangaa. Katika mji huu
shaba haijazoea kukaa;
inatolewa ardhini ili iondoke.

Nililikuta kwa mnunuzi wa vyuma, njia ya Kasumbalesa,
juu ya mizani, kati ya nyaya zilizochunwa na bomba la maji.
Kilo mbili na gramu mia tatu,
uzito wa kuku aliyelishwa vizuri.
Nyundo ilikuwa tayari mkononi mwake.
Nikasema, ngoja.
Akasema, ni lako?
Nikasema, herufi ni zangu.
Akacheka hadi akakohoa,
akaniuzia kwa bei ya shaba.
Herufi, alisema, bure.

Sasa liko chini ya kitanda changu.
Nikilirudisha watasema mwizi ndiye mimi,
fundi aliyetaka kulipwa mara mbili.
Nikinyamaza, Mama Honorine anapita kila asubuhi,
ndoo ya munkoyo kichwani, mbele ya matundu yale,
na juzi nilimwona amesimama,
amechomeka kidole cha pete katika tundu la chini,
ndoo haijatikisika hata kidogo.

Usiku umeme ukikatika nawasha mshumaa, nalivuta,
naligeuza upande wa nyuma,
ule ambao komini haikuulipia.
Nimeshaandika reli. Nimeandika Likasi.
Jana nimeandika chumvi.
Deni la Tshibola nitaliandika Jumapili,
kiasi chake kamili, kama mama atakikumbuka.
Kidole sijui nikiandikeje.
Nadhani nitaacha nafasi.