Kipande cha Chuma Mfukoni

Februari, mji wa machimbo, kaskazini mwa Minesota.
Gari la shule limegoma mara mbili,
la tatu likakohoa, likakubali.
Nyuma nimepakia vipeperushi mia nne
alivyochapisha mkuu wa chuo kwa rangi ya machungwa:
vijana wanatabasamu, kofia zao ngumu safi
kama sahani za wageni.
Hakuna fundi anayetabasamu hivyo kazini.
Naviacha garini.

Mfukoni nina kipande cha chuma.

Ni mabamba mawili yaliyounganishwa na Aune Prebich,
miaka kumi na saba, aliyeanguka aljebra mara mbili
akaitwa mzito na watu wepesi.
Tulikikata katikati, tukakisugua, tukakipaka tindikali,
tukatafuta kwenye kiungo tundu, ufa, hata jicho la sindano.
Hakuna. Chuma kimeingia ndani ya chuma
kama sukari kwenye chai.

Jana ulikuwa usiku wa wazazi.
Vyuo vikuu vilikuja na kalamu, mikoba, peremende.
Meza yangu waliiweka karibu na mlango wa vyoo;
waliosimama kwangu walikuwa kwenye foleni.
Mama mmoja, koti la manyoya, alikishika kile chuma,
akakirudisha upesi kana kwamba kina homa.
"Kizuri," akasema. "Kwa watoto wa wengine."
Nilitaka kumwuliza, bomba lake likipasuka
usiku wa baridi ya kukata masikio,
humwita nani, na humlipa dola ngapi.
Nikameza.
Nyuma yake alikuwa mwanawe,
anaitazama mikono yake kama aliyeazimwa.
Nikamwambia yeye, si mama:
"Jumanne, saa tisa. Vaa viatu vigumu."

Leo ni zamu ya waajiri.

Torvald Skaar anakarabati mabehewa ya machimbo.
Ana mafundi kumi na mmoja: saba wana magoti mabovu,
wawili wanahesabu siku za pensheni
kwa chaki, ukutani.
"Nataka watu," anasema, "wenye uzoefu wa miaka mitano."
"Nani kati ya hao wako alizaliwa nao?"
Hacheki.
"Mtoto ataniharibia mali. Atajikata. Bima itapanda.
Nikishamnoa, kampuni za Duluth zitamnyakua."
Simlaumu. Aliyeumwa na nyoka
akiona ung'ongo hushtuka.
"Siku mbili kwa wiki," nasema. "Bima yetu, viatu vyetu.
Wewe toa kona moja, na mzee mmoja mwenye subira."
"Hapa hakuna mzee mwenye subira."
"Basi mwenye macho."

Anatazama saa.
Naweka chuma mezani, juu ya ankara zake.

Anakigeuza. Anavaa miwani. Anakigeuza tena.
Kidole gumba chake kina kovu jeupe la kuungua,
la siku nyingi; kinapita juu ya kiungo
taratibu, kama mtu asomaye gizani.
"Huyu nani alimfundisha kupunguza mwendo hapa mwishoni?"
"Vipande sitini alivyoviharibu kwanza.
Ninavyo kwenye pipa. Ukitaka, nitakuletea pipa."

Hapo anacheka, kidogo, puani.
Hasemi ndiyo. Nisidanganye kwa kuwa hili ni shairi.
Anasema, "Nitafikiri," neno nililolisikia
katika ofisi ishirini na mbili tangu Krismasi.
Lakini nikiwasha gari napapasa mfuko:
mwepesi.
Chuma kimebaki mezani kwake.
Sirudi kukichukua.

Jumanne, saa tisa na dakika tano.
Mwana wa koti la manyoya amefika,
viatu vipya, lebo bado inaning'inia kisiginoni.
Aune anamvisha ngao yake ya uso bila neno,
anamgeuza mabega, anamwinua kiwiko.
Cheche ya kwanza inaruka, inazima. Ya pili inashika.

Simu ya karakana inalia.
Naiacha ilie.
Mkono wake ndiyo kwanza umetulia.