Kopo la Vifungo

Mimi ni Furu. Niandikeni hivyo hata kwenye sanda.
Nilizaliwa Igogo, nikashona jezi za Furu misimu kumi na minne,
bluu, mstari mweupe ubavuni,
na msimu mmoja nilishona kwa mkopo ambao hadi leo haujalipwa.
Sasa niambieni kwa nini kopo langu la vifungo
limejaa Sangara.

Ilianza kwa bigijii.
Duka la Nkwabi, kona ya kushukia Mirongo,
kila bigijii na kadi yake ndani, ukubwa wa kiberiti,
inanukia sukari na wino.
Watoto walitafuna, wakatupa kadi. Mimi niliinama, nikaokota.
"Adui mjue kwa sura," nilimwambia mdogo wangu Milembe.
Naye: "Sura ukishaijua, uadui unabaki wapi?"
Nikamwambia anyamaze, ashike mkasi.

Namba mbili, Shija Lugata, sikio moja limekunjika.
Namba sita, Bahitwa, mzaliwa wa Nansio, fundi baiskeli.
Namba tisa sitaki kumtaja.
Namba tisa alitufunga matatu siku ya mvua pale Kirumba,
nikarudi kwa miguu, viatu mkononi,
kadi yake nikaiweka chini kabisa, chini ya zipu mbovu,
kifudifudi.
Lakini sikuitupa.

Sangara humla furu. Ziwa zima linajua,
hawakuhitaji kutuimbia kila Jumapili.

Luhende wa mashine ya kusaga, Sangara lialia,
alikuja na unga kwenye kope:
"Kabula, golikipa wetu unamfanyia nini wewe?
Nipe Mugeta. Nakupa Furu watatu na debe la sembe."
Furu watatu! Kama fungu la dagaa.
Mwaka ule nilikuwa na njaa, na nilikataa.
Labda kwa sababu wangu niliwajua kwa viuno,
kwa mapaja, kwa madeni,
niliwapima wakinuka jasho na kitunguu,
kadi zao za nini?
Wale wengine nilikuwa nao hivi tu:
uso, kimo, mahali pa kuzaliwa.

Mugeta Nyabange, golikipa.
Futi sita na inchi mbili, kadi ndivyo ilivyosema.
Alipangua penalti yetu dakika ya mwisho
kwa ncha za vidole,
nasi tukaambiana njia nzima ya kurudi:
mtu wa urefu ule, ungemfanya nini?
Tulijifariji kwa inchi zake miaka ishirini.

Juzi ameingia dukani.
Mvi, kitambi kidogo, vidole viwili havinyooki.
Anataka suti, anamwozesha binti yake Sengerema.
Nikapima mabega, kifua, kiuno,
kisha nikasema simama wima, egemea mlango,
nikapima pasipohitajika, kisigino hadi utosi.
Tepu haina timu.
Futi tano, inchi kumi.
Nikapima tena.
"Kuna nini?"
"Hakuna. Usijinyooshe."

"Wewe timu gani, mama?" akitazama nyuzi za bluu.
"Furu."
Akacheka polepole, kwa adabu,
kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake msibani.
"Ile penalti," akasema, "nilifumba macho."

Nikamtoza bei kamili na elfu mbili juu.
"Hii ya nini?"
"Ya kola."
Kola haina bei yake, hata mwanafunzi wangu anajua.
Alilipa.

Usiku nikamwaga kopo kitandani,
vifungo vikakimbilia uvunguni,
nikamtafuta kati ya zipu na pini.
Wino wa kiwanda haufutiki. Nikaukata kwa kalamu,
nikaandika kimo chake cha kweli pembeni, herufi ndogo,
nikakaa naye mkononi hadi umeme ukakatika.

Mtu mfupi vile.
Na aliufikia.