Fyuzi ya Ampea Kumi

Dulmaa, mama yangu, huuliza kila jioni:
"Blanketi hili, linauma?"
Haliumi. Volti kumi na mbili tu,
betri ya lori, paneli juu ya hema la sufu;
hata ukishika waya kwa mkono ulioloa
hutasikia mwasho.

Lakini moto, mama, hauulizi volti.
Huuliza umelikunja wapi,
mbuzi mchanga kalalia upande gani,
waya upi mwembamba umebebeshwa mzigo wa mnene.
Kwa Choijil niliona godoro lenye doa la kahawia,
dogo, sawa na kidole gumba.
Fyuzi yake ilipoungua, alipachika msumari.

Basi nimelitandaza, halina kunyanzi,
fyuzi shubiri moja kutoka kwenye betri,
na misumari yote nimeificha.

Usiku ukashuka nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Alfajiri nikamkuta kajikunyata ndani ya ngozi za kondoo,
blanketi baridi kama jiwe la mtoni,
fyuzi imekatika.
Amenuna. Hanisemeshi.
Chai ya chumvi kanimiminia nusu bakuli.

Nikainywa polepole,
nikimtazama anavyonuna.