Keshia wa Kaunta Namba Nne

Saa mbili na nusu mlango wa chuma unapandishwa
na Montluçon inaingia na mifuko yake mitupu.
Nawajua kwa vitu vyao kabla sijatazama nyuso:
jibini la mbuzi na betri ndogo, huyo mwalimu wa piano;
nyembe, mkate wa shayiri, kopo tatu za chakula cha paka,
huyo bibi wa ghorofa ya posta.
Paka alikufa Novemba. Najua. Hatusemi.

Ti. Ti. Ti.
Miaka kumi na tisa mkono wangu
unaupitisha mji huu juu ya kioo chenye mwanga mwekundu:
nepi zao, divai zao, keki za mishumaa,
kisha nepi tena, za wazee safari hii.
Daktari anasema bega lipumzike.
Bega nimeliambia. Linacheka.

Karibu na mlango wamepanga mashine nane,
zina sauti ya binti ambaye hajawahi kukosa basi:
tafadhali, weka bidhaa kwenye mfuko.
Vijana wanazipenda.
Haziulizi mama anaendeleaje.

Bwana Fourcade hanunui cha kesho.
Leo kitunguu kimoja. Jana limau. Juzi limau jingine.
Hulipa kwa sarafu za senti, moja, moja,
kama mtu anayepanda mbegu na hana hakika na mvua,
na foleni nyuma yake inakohoa.
Ananiambia baridi imeyapiga mawaridi,
kwamba Régine angekuwa ameshayafunika magunia.
Angekuwa.
Nampa risiti. Anaikunja mara nne, anaiweka mfuko wa moyoni.

Meneja wetu, kijana Maxence,
ana saa inayomhesabia hatua na usingizi.
Ameniita ofisini, kanionyesha jedwali:
wenzako bidhaa ishirini na mbili kwa dakika,
wewe, Madam Ghislaine, kumi na saba.
Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa, sikatai.
Lakini hizo tano, mwanangu, hazikupotea.
Najua nilikozipeleka.

Mchana, chumba cha nyuma, maikrowevu moja na watu sita.
Yamina ananigawia kuskusi ya jana, mimi nampa nusu ya yai,
tunahesabu siku za likizo kama watoto wanaohesabu peremende.
Agosti tutakwenda Royan. Didier ameshalipa arbuni,
kiwanja kile kile cha hema,
kati ya vyoo na Waholanzi.

Jumapili mtaa wetu humwaga dari zake barabarani.
Nimetandika blanketi: viatu vya kuteleza kwenye theluji
ambavyo mwanangu alivivaa mara moja, vikombe sita vya mayai,
taa yenye shingo ya shaba.
Hewa inanuka soseji za kuchoma. Mtu anapuliza akodioni vibaya.
Didier ananiita kutoka uwanja wa tufe, kuna mzozo,
wanapima kwa kamba ya kiatu.

Mbele yangu, koti lile la kijivu.
"Taa hii, bei gani?"
"Nne."
"Mbili. Waya umechakaa."
"Waya umechakaa? Wewe je?"
Akacheka mpaka akashika kiuno.
Dukani hatujawahi kubishana bei, bei hushuka kutoka Paris;
hapa tulivutana robo saa nzima kwa yuro moja,
akaiwasha bila umeme, nikaisifia shaba,
akaondoka, akarudi, hakuna aliyekohoa.
Tatu, basi.

Akatoa pochi. Ndani, noti zimelala safi kama shuka za hoteli.
Akanyoosha moja ya ishirini, upesi, bila kupapasa.
"Sarafu," akasema akitazama pembeni, "leo sina."

Nilikuwa na noti ya kumi na ile ya tano kwenye kopo, juu kabisa.
Nikazisukuma chini.
"Fungua mkono, Bwana Fourcade."
Na nikaanza kumhesabia chenji yake,
sarafu moja,
moja,
hadi kumi na saba.