Nzi wa Mikindani

Ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga
Kadzo ameibana kwenye jiliwa.
Uzi wa hariri, unyoya wa shingo ya jogoo mwekundu
aliyechinjwa Jumapili kwa kina Umazi,
nywele mbili za sungura.
Zungusha, kaza, funga.
Huyo, nzi.

Hulipwa kwa dazeni.
Stima zimekatika tangu saa nne, feni imenyamaza,
jasho lamtiririka hadi kidevuni
naye hugeuza shingo lisimdondokee nzi,
gundi ikilowa haishiki.

Tajiri alisema wanapelekwa Nyandarua,
kwenye vijito vyembamba, maji ya kuuma meno,
kuna samaki wa madoadoa
anayekimbia hata kivuli cha mtu.
Kadzo alicheka. Samaki gani huyo?
Yeye awajuao ni changu wa Likoni,
wamelala barafuni, macho wazi, hawakimbii chochote.

Lakini usiku humfikiria.
Humwona chini ya jiwe, ameelekea mkondo,
anapima: huyu mdudu, au uongo?

Wasemao husema nzi kufia kidondani si hasara.
Wangu hafi, asema Kadzo. Wangu ndiye kidonda.

Jana alifunga mmoja asiyeagizwa:
unyoya wa kanga, kiuno cha uzi wa buluu
uliochomoka kwenye leso ya marehemu nyanyake.
Akamning'iniza dirishani, bila ndoana.
Upepo wa Makupa ukamtikisa kidogo.

Paka wa jirani akajikunja,
akatulia,
akaruka.